Kasha la Shemeji

Meza ya msumeno ilinifika mimi kiunoni. Shemeji yangu ilimfika kifuani. Naanza hapo kwa sababu yote yaliyotokea baadaye yalitoka hapo, ingawa kwa miaka mingi nilipenda kujiambia kwamba yalitoka kwenye bahati mbaya tu.

Kiwanda kilikuwa Gerezani, upande wa reli, zama za Mwingereza, baada ya vita ile ya kwanza na kabla ya ile ya pili. Tulipasua mvule na mninga. Mashine zililetwa kwa meli kutoka Ulaya, zikafungwa kwenye sakafu ya saruji kwa boliti nene kama kidole gumba, na waliozifunga walizifunga kama zilivyokuja. Hakuna aliyeuliza watakaozisimamia wana urefu gani. Msumeno wenyewe ulikuwa wa duara, umechomoza katikati ya meza ya chuma kama nusu ya sinia lenye meno, na ulipozunguka meno hayakuonekana, ulionekana mng'ao tu.

Shemeji alikuwa mume wa mdogo wangu wa kike. Mzaramo, mfupi, mpana wa mabega, mwepesi wa kucheka. Alianza kwa kusukuma magogo, lakini ikaonekana ana kipaji: alikuwa akigonga gogo kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, kisha anakuambia ndani kuna ufa au hakuna. Mara chache sana alikosea. Basi mnyapara akampa msumeno. Kwa mtu wetu, wakati ule, kukabidhiwa msumeno lilikuwa jambo kubwa. Dada yangu alipika pilau siku hiyo na kuwaita majirani.

Lakini kazi ile aliifanya kwa ncha za vidole vya miguu. Ili mikono ifike kwenye meza ilimbidi anyanyue mabega mpaka masikioni, na ili aone mahali meno yanapoingia kwenye ubao ilimbidi aegemeze kifua kwenye chuma. Mimi nilikuwa seremala katika banda lile lile, benchi langu hatua kumi kutoka kwake, nikitengeneza milango na madirisha, kwa hiyo nilimwona kutwa. Asubuhi mikono yake ilikuwa imara. Ikifika adhuhuri ilikuwa ikitetemeka, na msumeno haujali kama mkono ni wa asubuhi au wa adhuhuri. Jioni dada alimkanda mabega kwa mafuta ya nazi, naye alilalamika kidogo na kutania sana.

"Mke wangu, nikirefuka hata inchi moja kwa kuvutwa huku, nitakununulia kanga."

"Basi tulia nikuvute."

Ndipo akapata kasha. Katika mtaa wetu wa Kariakoo palikuwa na Mwarabu mwenye duka, mtu mpole, aliyeagiza tende kutoka kwao. Shemeji alimwomba kasha moja tupu, akapewa. Lilikuwa la mbao nene, pana kiasi cha mtu kutawanya miguu vizuri, zito, halitikisiki. Kifuniko kilikuwa kimepigiliwa misumari na kilikuwa kimeganda asali ya tende na vumbi la bandarini. Alilibeba begani mpaka Gerezani, akaliweka sakafuni mbele ya msumeno, akapanda.

Nikimkumbuka, namkumbuka siku hiyo. Mabega yalishuka. Shingo ilitoka. Viwiko vilikaa mahali pake, na macho yake yakautazama ubao kwa juu, kama unavyoutazama msahafu uliowekwa kwenye marufaa. Alipasua mbao mpaka jioni na mikono haikutetemeka.

Palikuwa na Mnyamwezi mmoja mvuta magogo, mtani wake. Huyo alisimamisha kazi yake makusudi.

"Jamani njooni mwone! Mzaramo ameota miguu!"

"Vuta magogo wewe," shemeji akamjibu bila kugeuka. "Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka hapa, akashindwa kurudi kwao kwa uvivu."

"Hakushindwa kurudi. Alikuwa anakusubiri ukue. Leo umekua, kesho mjukuu wake naondoka!"

Tulicheka sote, hata mnyapara.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda hivyo. Sasa lazima niseme juu yangu mwenyewe, maana sina wa kumsingizia.

Nilisoma chuoni Bagamoyo tangu utoto. Nilihitimu Kurani, kisha nikasoma vitabu kadhaa vya fikihi kwa shekhe ambaye sikuzote nitamwombea. Baada ya alasiri, nikitoka kazini, nilisomesha watoto wa mtaa kwenye baraza yetu. Pale kiwandani waliniita Maalim, hata walionizidi umri. Waliniuliza kama vumbi la mbao likiingia kooni linafunguza saumu, kama inafaa kuswali na nguo yenye grisi, kama mtu amkatie mkewe ushungi wa namna gani. Nilijibu. Na nilipenda kuulizwa. Mungu anisamehe, nilipenda sana.

Masika ile bati lilitoboka juu ya msumeno. Mvua ilidondoka usiku kucha juu ya kasha, na tulipofika asubuhi kifuniko kilikuwa kimeoshwa. Shemeji alipanda kama kawaida yake akaanza kazi. Mimi nilikuwa nikipiga randa ubao wa mlango. Niliinua macho, nikaona kati ya miguu yake herufi nyeusi za Kiarabu zilizopakwa kwa brashi. Nilimwendea, hata randa sikuiweka chini.

"Shemeji, shuka."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza."

Akasimamisha ubao, akashuka. Nikamwonyesha kwa kidole. Yeye alijua herufi za kumtosha kuswali tu, kwa hiyo nikamsomea. Lilikuwa jina la mwenye duka, limeandikwa ili kasha lisipotee bandarini, na ndani ya jina lake mlikuwa na jina la Mola, kama majina mengi yetu yalivyo.

Shemeji aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Astaghfirullah! Maalim, miezi yote hii?"

"Hukujua. Asiyejua hana dhambi. Lakini sasa umejua."

"Basi tuligeuze juu chini."

"Ukiligeuza jina litalala kwenye vumbi."

Alilitazama kasha. Akaitazama meza. Sauti yake ilikuwa ya chini aliponiuliza: "Sasa nisimame juu ya nini?"

"Mungu atakupa jingine."

Nililisema hilo kwa wepesi, kama mtu anayezungumzia kofia. Sikuitazama meza. Nilikuwa nimesimama na miguu yangu mirefu, na meza ile ilinifika kiunoni.

Jioni nililibeba kasha kichwani mpaka nyumbani, nikalipangusa kwa kitambaa safi, nikaliweka chumbani mwangu na juu yake nikapanga vitabu vyangu. Usingizi ulinijia mzuri. Nilijiona nimemkinga mtu wa nyumbani kwangu na jambo zito.

Mungu alimpa jingine, au niseme mnyapara ndiye aliyemtupia. Lilikuwa sanduku la mafuta ya taa, lile la kubebea madebe mawili, la mbao nyembamba kama gome. Likilazwa lilikuwa fupi mno. Shemeji akalisimamisha wima. Kwa urefu lilitosha, lakini pa kukanyaga palikuwa padogo, ikambidi abane miguu pamoja, na chini palikuwa na unga wa mbao ambao haukufagiwa mpaka Jumamosi. Mnyamwezi aliliona siku ya kwanza.

"Mtani, hilo sanduku linacheza ngoma."

"Nacheza nalo."

"Sikutanii sasa. Linayumba."

Mnyapara naye alilipita mara nyingi kila siku. Alichosema ni kwamba mbao za tajiri, mwenye kiwanda, zinasubiriwa.

Mimi nililiona pia. Nataka hilo lieleweke. Nililiona kutoka benchi langu, hatua kumi, nikajisemea kwamba Ijumaa nikiwa na nafasi nitamtengenezea jukwaa dogo la miguu minne. Ijumaa ilipofika palikuwa na mlango wa mtu wa kumaliza.

Siku ya nane, kabla ya adhuhuri, alikuwa akipasua mninga wenye jicho gumu ndani. Nilisikia sauti ya msumeno ikibadilika. Ubao ulimsukuma kwa nyuma, naye akausukuma kwa mbele, na sanduku likazama upande mmoja kwenye unga wa mbao. Mtu akianguka hunyoosha mkono kushika kilicho mbele yake. Hafikirii, mkono wenyewe ndio unaojua. Mbele yake palikuwa na msumeno.

Hakupiga kelele. Mnyamwezi ndiye aliyepiga kelele, akakimbia kuutoa mkanda wa mashine, na banda likawa kimya kiasi cha kusikia matone ya mvua kwenye bati.

Tulimfunga kwa kilemba changu. Tukamlaza juu ya mlango niliokuwa nikiutengeneza, tukambeba watu wanne, tukakatiza Mnazi Mmoja kuelekea hospitali. Wapita njia walidhani ni jeneza, wakasimama wakawa wanasoma Fatiha. Shemeji alikuwa macho. Alinitazama akaniuliza mkono uko wapi, nami nikamwambia uko, nikimaanisha wa kushoto.

Alipona. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mkono wa kulia walimkatia juu ya kifundo cha mkono.

Baada ya wiki mbili tuliitwa ofisini. Mzungu mmoja aliuliza, karani akafasiri na kuandika. Mimi nilikuwa shahidi.

"Alikuwa amesimama juu ya nini?"

"Juu ya sanduku."

"Nani alimwamuru asimame juu ya sanduku?"

"Hakuna aliyemwamuru."

Karani aliandika kwa muda mrefu, kisha akatusomea kwa Kiswahili. Sababu ilikuwa uzembe wake mwenyewe. Sikusema habari ya meza. Sikusema habari ya kasha. Nilitia sahihi yangu kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mzuri.

Nilirudi kwenye benchi langu siku hiyo hiyo. Randa ilikuwa pale nilipoiacha. Nikaichukua, nikakaza ulimi wake, nikaiweka juu ya ubao, na mkono ukasita hapo hapo.

Chuoni Bagamoyo tulikuwa tukiandika aya kwenye mbao za shule kwa wino wa masizi. Tukishahifadhi, tunaziosha. Shekhe wetu alitufundisha namna ya kuosha kwa adabu: maji yanamwagwa mahali pasafi pasipokanyagwa, na ubao unakuwa mweupe tena, tayari kwa aya nyingine. Nimeyaosha maneno matukufu kwa mikono hii tangu sijang'oka meno ya utoto. Nilijua kwamba jina likiandikwa mahali pasipostahili huondolewa kwa heshima, na kwamba mahali penyewe hapana kosa. Nilijua kama nilivyojua jina la mama yangu. Na siku ile nilipomshusha shemeji kwenye kasha, randa ilikuwa mkononi mwangu.

Sikungoja kengele. Nilikwenda nyumbani, nikaondoa vitabu, nikaliweka kasha uani. Nilipiga randa mara tatu. Mara ya tatu mbao ilikuwa nyeupe. Maranda niliyakusanya kwenye kitambaa, nikayazika nyuma ya msikiti mahali pasipopitwa. Haikufika muda wa kuchemsha chai. Kisha nikakaa chini pale uani, na dada yangu, aliyetoka kuchukua chungu, akanikuta nalia, akadhani namlilia mumewe. Akakaa kando yangu akanifariji. Yeye alinifariji mimi.

Kiwandani tajiri hakuishusha meza wala hakujenga jukwaa. Alitafuta mtu mrefu. Akampata, kijana wa bara, mrefu kama nguzo, na kwa huyo meza ilikuwa chini mno, akafanya kazi ameinama mpaka mgongo ukamshinda, akaondoka. Akaja mwingine. Ndipo mimi nilipoanza kutengeneza majukwaa kwa mbao mabaki, kila mtu nikimpima kwanza, kutoka kwenye kiwiko mpaka sakafuni. Mnyapara alinicheka, aliniambia mimi ni fundi cherehani wa mashine. Lakini mbao mabaki hazikuwa na bei, akaniacha. Mjukuu wangu anafanya kazi kiwandani siku hizi, na ananieleza kwamba huko kwao huja vijana waliosomea jambo hilo, wanapima meza na viti na mahali pa kushika, na wanaandika kwamba kazi imfuate mwili wa mtu, si mwili wa mtu uifuate kazi. Ananieleza kama habari mpya. Mimi humsikiliza, na humwambia ahsante mwanangu, endelea.

Lililoniuma kuliko yote lilikuwa sinia. Nyumbani kwetu wanaume tulikula pamoja, sinia moja, kila mtu upande wake. Shemeji alipotoka hospitali alikaa nasi siku ya kwanza, akaunyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye wali, akaurudisha. Akasema ameshiba. Siku ya pili alisema ana homa. Siku ya tatu dada yangu alinijia.

"Kaka, mume wangu anakula jikoni peke yake. Anafunga mlango."

Nilimfuata. Nikamweleza kwa dalili na kwa maneno ya vitabu kwamba mwenye dharura hana lawama, kwamba kushoto kwake sasa ndiko kulia kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote.

"Najua, Maalim. Mungu ameniruhusu. Mkono wenyewe ndio hautaki."

Tangu hapo nilikuwa nikila kwanza kidogo pale kwenye sinia ili wageni wasiulize, kisha naingia jikoni na kula naye.

Alipata mahali sokoni Kariakoo, akauza ndimu na pilipili kwa mafungu. Hiyo ilikuwa kazi ya mkono mmoja. Hakuwa na meza, akaniuliza kama lile kasha bado ninalo. Nililibeba kichwani nikampelekea. Alilitazama juu, pale palipokuwa na maandishi, akapapasa kwa kiganja cha kushoto. Akaanza kupanga ndimu.

Miaka ilipita mingine mingi kabla sijapata ujasiri. Nilikuwa nikipita kwake kila siku baada ya alasiri, na kila siku neno lilinifika mdomoni nikalimeza. Siku moja, soko likiwa limepungua watu, nilichuchumaa mbele ya kasha nikamwambia.

"Shemeji, siku ile nilipokushusha, nilikuwa na randa mkononi. Ningepiga mara tatu tu, ukapanda tena. Ilikuwa inafaa kabisa. Nilijua kwamba inafaa, ila wakati ule sikukumbuka."

Alikuwa akipanga pilipili. Hakuacha kupanga.

"Niliiona," akasema.

"Uliona nini?"

"Randa. Niliiona mkononi mwako siku ile ile. Nikafikiri: si apige randa hapa, jina litoke, nipande nimalizie ubao wangu? Lakini wewe ndiye uliyesoma. Nikasema moyoni, ingekuwa inafaa, Maalim angeniambia. Kwa kuwa hukuniambia, basi iko sababu nisiyoijua mimi."

Miaka yote ile aliishi na swali ambalo angeniuliza kwa maneno matano, na hakuniuliza kwa sababu aliniheshimu.

"Na baadaye?" nikamwuliza. "Ulipoliona kasha limepigwa randa?"

"Baadaye nilijua. Lakini ulikuwa unakuja kula jikoni. Ningekuambia nini?"

Akaja mama mmoja na kikapu, akataka ndimu fungu moja. Shemeji alimchagulia zile zenye maganda laini, akaongeza moja juu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kumkabidhi, na akasema, kama alivyomwambia kila mnunuzi, kila siku, mpaka alipofariki:

"Uniwie radhi mama, kwa mkono huu."